Lita Tatu za Alhamisi

Baba yangu aliendesha malori miaka thelathini na moja na hakuwahi kuishiwa mafuta njiani hata siku moja. Alikuwa analisema hilo kama wengine wanavyosema hawajawahi kulala jela. Madereva wenzake walimbatiza Mzee Lita, kwa sababu ukimuuliza gari lina mafuta kiasi gani haangalii geji. Anatazama juu kidogo, kama mtu anayetafuta mjusi darini, halafu anakwambia: kumi na nane na nusu. Pima sasa. Kumi na nane na nusu.

Alipostaafu, na mama akiwa ameshatutangulia, alibaki na mgongo mbovu, nyumba ya vyumba vitatu na gari dogo la bluu ambalo mshale wa geji yake ulikufa siku nyingi ukiwa umelala kwenye nusu.

"Wala sitengenezi," alisema. "Geji ninayo hapa." Akajigonga utosini.

Namna yake ya kupima ilikuwa hivi. Kila mwanzo wa mwezi anajaza tangi mpaka shingoni, lita arobaini, anasoma kilomita kwenye dashibodi, anaondoka. Mwezi ukiisha anajaza tena mpaka shingoni. Lita zilizoingia ndizo zilizoliwa. Kugawanya anagawanya kichwani, kabla muuza mafuta hajarudisha bomba mahali pake. Kumi na moja kwa lita. Mwaka nenda mwaka rudi, kilomita kumi na moja kwa lita, haipandi haishuki, kama mshahara wa mwalimu.

Halafu bei za mafuta zikaanza kupanda, na zenyewe hazikujua kushuka. Mtaani kwetu magari yakaanza kuvalishwa maturubai. Jirani mmoja akageuza gari lake banda la kuku, na kuku wakakataa kuingia. Karani mstaafu wa nyumba ya pili akawa anatembea kwenda sokoni, anarudi na mifuko miwili huku anatukana serikali kwa pumzi aliyobaki nayo.

Sisi wa baiskeli tulikula. Sitaficha. Baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu, nikiwa na semista tano za hesabu kichwani na cheti cha hewa mkononi, nilifungua karakana ya baiskeli na jamaa mmoja tunamwita Spoku. Mwembamba, umri kama miaka arobaini, anaweza kunyoosha gurudumu amefumba macho. Kila bei ya mafuta ilipopanda, foleni mlangoni kwetu ilirefuka. Walikuja watu wa benki wamebana miguu ya suruali kwa vibanio vya kuanikia nguo. Akaja daktari mmoja anauliza breki ipo mguu gani.

Nikamwambia baba, "Nikutengenezee moja. Tandiko pana, mpini wa juu, mgongo hautauma."

"Baiskeli ni ya mtu aliyeshindwa," akasema, akaniangalia kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Ada ya zile semista tano aliilipa yeye.

"Basi panda basi. Au changianeni na karani, leo gari lako, kesho lake."

"Nikae nyuma? Mimi?" Akacheka bila meno kuonekana. "Nimepeleka mizigo miaka thelathini na moja, leo nipelekwe kama gunia?"

Lakini nilimwona. Alianza kuacha safari. Aliacha kwenda kuwaona wenzake wa zamani, akaacha kwenda kaburini kwa mama kila Ijumaa, akasema goti linamsumbua. Anakaa kwenye gari uani, mlango wazi, anasikiliza redio. Pesa yangu hapokei. Nilishajaribu, ikarudi imekunjwa vilevile.

Ndipo nikapata wazo. Naomba nieleweke: wazo lilikuja kama utani. Mimi tangu utotoni ndiye niliyekuwa naziba kwa uzi mifuko ya suruali za ndugu zangu. Nilikuwa na funguo ya akiba ya kifuniko cha tangi. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana baba hulala, redio kifuani, mdomo wazi. Nikaenda na kidumu na faneli niliyoikata kwenye chupa ya maji. Lita tatu kila wiki. Polepole, zisitoe sauti. Nikaondoka kwa vidole vya miguu kama mwizi anayeiba kinyumenyume.

Mwezi ulipoisha alikwenda kujaza, mimi nimekaa pembeni yake. Kichwani alishapiga arobaini; tangi likapokea lita ishirini na nane likatapika.

"Bomba lenu bovu," akamwambia muuza mafuta.

"Bomba zima, mzee."

"Lingekuwa zima ningekuwa mwendawazimu."

Mwezi wa pili alikwenda kituo kingine. Ishirini na saba na nusu. Akarudi, akalizunguka gari mara mbili, akalipiga teke tairi la mbele taratibu, kama unavyomgusa mtu aliyelala kuona kama yuko hai. Mwezi wa tatu akaamini. Na alipoamini akaniita.

"Wewe ulisoma hesabu," akasema. Tangu niache chuo hakuwahi kutamka neno hilo mbele yangu. "Nihakikishie hii. Mia nne arobaini na tatu, gawanya kwa ishirini na saba na nusu."

Nikatazama darini kama yeye. "Kumi na sita nukta moja, baba."

"Sahihi?"

"Sahihi kabisa."

Akatikisa kichwa, akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo ningemwambia. Mpango wangu ulikuwa huo: nicheke nitosheke, halafu nimwambie, tucheke wote. Lakini mzee alishaanza kuishi. Alirudi kaburini kwa mama kila Ijumaa. Akawa anatoa darasa kwenye benchi la kinyozi, wazee sita wamemzunguka, gari la bluu limeegeshwa mbele yao kama bibi harusi.

"Siri ni mguu," anawaambia. "Kanyaga kama kuna yai chini. Mteremko ukifika, acha gari lijiendee. Punguza mizigo. Kiti cha nyuma cha nini, unabeba nani? Na viatu vua. Dereva mwenye viatu ni kama daktari anayepima mapigo na glavu za bustani."

Karani mstaafu akavua viatu wiki mbili, akaambulia mafua, na gari lake likaendelea kunywa vilevile.

"Una mguu mzito wa kuzaliwa," baba akamwambia kwa huruma. "Si kosa lako."

Nilipomsimulia Spoku alicheka mpaka akaangusha spana. Alipomaliza kucheka akafuta macho, akasema, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha, ndugu yangu. Mwambie mzee."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Alhamisi."

Mwezi wa nne mafuta yakaadimika kabisa. Vituo vikapiga marufuku kuuza kwenye vidumu. Mimi nilikuwa na lita nne tu, nilizinunua mapema, nimezificha nyuma ya rimu kuukuu. Kazi nazo zilikuwa zimetufunika, baiskeli zimelala mpaka barabarani. Alhamisi ya kwanza nikasema kesho. Ya pili nikasema kesho. Ya tatu hata kusema nikasahau. Gari la baba likarudi kwenye kilomita zake kumi na moja kwa lita, na aliyejua hilo duniani ni mimi peke yangu.

Jumanne ya wiki iliyofuata, jioni, binti wa shangazi alipiga simu kutoka mji wa pili, kilomita sabini na tano. Shangazi amelazwa, utumbo umejifunga. Wanamwingiza chumba cha upasuaji kesho saa tano asubuhi. Madaktari hawasemi vizuri.

"Anataka kumwona mjomba kabla," akasema. "Kwanza anamwona mjomba, halafu ndiyo wampe hiyo dawa ya usingizi. Amesema hivyo. Mjue mnafanyaje."

Shangazi ndiye dada mkubwa wa baba. Mama yao alipofariki baba alikuwa na miaka miwili, na aliyembeba mgongoni ni huyo dada, naye mwenyewe msichana wa miaka kumi na moja. Baba ana umri wa miaka sabini na moja na mpaka leo shangazi akimpigia simu anamuuliza kama amekula.

"Basi la saa kumi na mbili, baba," nikasema. "Saa moja na nusu, saa mbili uko pale."

"Basi linasimama kila penye mti."

"Linafika, lakini."

"Nina kilomita mia nne na tano tangu nijaze." Akatazama darini. "Gawanya kwa kumi na sita. Nimekula ishirini na tano. Zimebaki kumi na tano. Kwenda na kurudi mia na hamsini, zinabaki na chenji. Kwa nini nikabanane?"

Nilikuwa na jibu. Semista tano, na jibu lilikuwa hesabu ya mtoto wa darasa la nne: gawanya kwa kumi na moja, zimebaki lita tatu na kitu. Sikuipiga. Nilikuwa nafikiria lita zangu nne nyuma ya rimu, nikajiambia nitaamka alfajiri, nizitie akiwa anaoga, mambo kwisha. Nikamwambia, "Haya baba, safari njema."

Nikaamka saa moja na nusu. Nilipofika kwake uani palikuwa na doa la oili na alama za matairi. Alishaondoka saa moja kamili.

Simu ililia saa tatu kasoro dakika tano, niko karakana, sijashika hata spana.

"Limegoma," baba akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, nyuma yake malori yanapita. "Kilomita ya thelathini na tano, pale kwenye mteremko wa machimbo ya kokoto. Limekohoa mara mbili, likazimika. Nimefungua plagi zote, nimezisafisha. Nadhani ni pampu. Nimeshafungua pampu. Haivuti kitu."

Nilikaa chini juu ya ndoo.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, baba."

"Wewe una akili ya vyuma. Itakuwa nini?"

Neno lilikuwa moja. Mafuta. Ningelitamka, angesimamisha gari dogo lolote pale. Dereva gani atamnyima lita nne mzee aliyevua shati anatokwa jasho juu ya boneti? Saa nne angekuwa ameshika mkono wa dada yake. Lakini ningelitamka angeniuliza nimejuaje, na mimi nilikuwa sijawa tayari kuulizwa.

"Usiguse kitu," nikasema. "Nakuja."

"Unakuja na nini?"

"Nakuja tu."

"Basi limenipita sasa hivi," akasema. "Lile la saa mbili. Limejaa mpaka mlangoni. Konda kanipungia mkono, akapiga kelele, 'Mzee, uza chuma hicho!'" Halafu akaongeza, "Fanya haraka, mwanangu. Saa tano."

Nikachukua kidumu nikakimbilia stendi. Konda wa kwanza alinusa kabla sijafika.

"Kaka, hicho nini?"

"Maji."

"Maji yananuka petroli? Unataka tuchomwe kama mishikaki? Shuka."

"Sijapanda bado."

"Basi usipande."

Wa pili hakunijibu hata kidogo. Pikipiki zote zilikuwa kwenye foleni ya mafuta, mstari unazunguka kona, madereva wamelala juu ya tangi. Nikarudi karakana, nikachukua baiskeli ya yule daktari iliyokuwa tayari, nikafunga kidumu nyuma kwa mpira. Spoku aliniangalia ninavyofunga. Alinijazia upepo tairi la nyuma, akaniambia, "Kanyaga."

Kilomita thelathini na tano, nusu yake ni kupanda. Nilikanyaga mpaka mate yakawa na ladha ya shaba. Kidumu kinacheza nyuma yangu, gluk, gluk, na kila gluk naona saa. Mara mbili nilisimama nitoe simu, nimpigie, niseme neno lile. Bado kulikuwa na muda wa kusaidia. Mara ya kwanza nikasema nimeshakaribia. Mara ya pili nikasema sasa itanisaidia nini. Uongo una hesabu zake, na hizo nilizijua vizuri sana.

Nilimkuta saa tano kasoro dakika kumi. Amekaa kwenye jiwe, kifua wazi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Ametandika gazeti barabarani, juu yake amepanga plagi nne, pampu na skrubu zake, moja moja, kwa ukubwa. Kila kitu kimefutwa kinang'aa. Gari zima alilipima isipokuwa tangi. Kwa nini apime tangi? Tangi alikuwa nalo kichwani.

Nikashuka. Nikafungua kifuniko kwa funguo yangu, nikachomeka faneli, nikaanza kumimina. Sikuweza kumtazama.

Alisubiri mpaka nilipofika katikati.

"Umejuaje?"

Nikaendelea kumimina.

"Nimekwambia pampu. Umetoka mjini na mafuta. Na funguo ya tangi langu. Nakuuliza, umejuaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote pale pale, kidumu mkononi, kuanzia Alhamisi ya kwanza. Nilijaribu hata kulifanya lichekeshe kidogo, nikaeleza vidole vya miguu, nikaeleza redio kifuani. Hakucheka. Wala hakufoka, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kufokewa. Alianza kurudisha pampu mahali pake. Mikono yake, iliyokuwa inafunga pampu gizani bila tochi, ikaangusha skrubu mara tatu. Niliinama kumwokotea.

"Acha," akasema.

Gari likawaka. Akasema, "Pakia baiskeli." Kiti cha nyuma hakikuwepo, ikaingia vizuri. Njia nzima alizungumza mara moja tu.

"Kumi na moja," akasema peke yake. "Ilikuwa kumi na moja siku zote."

Tulifika saa sita kasoro dakika tano. Binti wa shangazi alikuwa mlangoni mwa wodi, amejikunja ndani ya kanga.

"Mjomba, mlikuwa wapi? Tumepiga simu, haipatikani!"

"Imeisha chaji," baba akasema. "Yuko wapi?"

"Wamemchukua saa tano na robo. Waliongeza robo saa kwa ajili yako, mjomba. Kila gari likisimama nje anauliza, ni yeye? Namwambia bado. Anauliza tena. Mwisho akasema, huyu mtoto atakuwa hajala, akifika mpeni chakula." Akaanza kulia. "Mlikuwa wapi?"

Baba alikaa kwenye benchi na mikono yake myeusi ameiweka mapajani, viganja juu. Hakwenda kunawa. Saa nane akatoka daktari, akavua kofia. Mimi sikusikia maneno, niliona tu ile kofia inavyokunjwa.

Tulizika Ijumaa. Jumamosi, kabla watu hawajatawanyika, ndugu walikaa sebuleni kwa shangazi, kama kawaida ya ndugu, kuzungumza mambo ya watu wakiwa wamekaa na wenyewe. Ba' mdogo, binamu yake baba, ndiye aliyeanza.

"Kaka, tunaomba usituelewe vibaya. Kuishiwa mafuta wewe? Wewe Mzee Lita? Hapo kuna jambo. Umri huo."

"Nilikosea hesabu," baba akasema.

"Kwa lita ngapi?"

"Kumi na mbili, kumi na tatu."

Wakatazamana. Mtu mmoja akatoa sauti ndogo ya pole, ile ya kumwonea huruma mtoto aliyejikojolea. Nikasimama.

"Ba' mdogo, siyo hivyo. Mimi ndiye—"

"Kaa chini," baba akasema.

"Baba, lazima niseme."

"Nimesema kaa." Hakupandisha sauti. Alinivuta mkono mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake. "Mzee aliyesahau mafuta ni mzee tu, wapo wengi. Mzee aliyefanywa mpira na mwanawe mwenyewe anaitwa nani? Usinichekeshee watu mara ya pili."

Nikakaa. Alitoa funguo za gari mfukoni, zote mbili, kubwa na ndogo ya tangi, akazisukuma juu ya meza mpaka mbele ya ba' mdogo. Ba' mdogo akazipokea kwa mikono miwili, na kila mtu akasema amefanya jambo la busara.

Tulirudi kwa basi la jioni, baiskeli ya daktari imefungwa juu ya paa. Lilikuwa limejaa, nikampatia kiti cha dirishani. Mgongo wake haukugusa kiti njia nzima, na mguu wake wa kulia ulikuwa unabana sakafu kila tulipofika kwenye kona. Mimi nilisimama juu yake nimeshika bomba. Nilitaka kumuuliza kama ana njaa, nikaona hilo nalo sina haki nalo.

Konda alipita anakusanya nauli, kijana mchangamfu, mdomo hauna kituo.

"Mzee wangu, shikamoo! Unashukia wapi?"

Baba hakugeuka. Nje magari yalikuwa machache, baiskeli nyingi, watu wanatembea kwa makundi pembeni ya lami.

"Muulize huyo," akasema. "Yeye ndiye anayejua."